Msoma Damu Asiye na Cheti

KIGALI, Novemba 1994

Saa tatu asubuhi, na Mukankusi bado anasubiri jua. Umeme hakuna, basi ameisogeza hadubini dirishani na kukielekeza kioo chake cha chini angani. Mwanga ukiingia, huinama kusoma damu. Wingu likipita, hutulia na kungoja.

Pembeni yake Kalisa, fundi wa maabara aliyerudi Septemba kutoka Uganda na cheti chake kipya, anaandika kwenye karatasi ya mgonjwa: malaria.

"Ngoja kwanza, mwana wangu," anasema Mukankusi. "Iko malaria wapi?"

"Si hizi nukta, mama?"

"Zungusha skrubu kidogo. Unaona? Iko juu ya damu. Hiyo ni rangi yetu ya kupaka damu imeganda. Malaria inakaa ndani."

Kalisa anazungusha, anatazama, anafuta. "Chuoni tulikuwa na taa," anajitetea, kisha anacheka mwenyewe.

Mukankusi, mwenye umri wa miaka arobaini na minne, hajawahi kukanyaga chuo. Aliajiriwa mwaka 1975 kuosha vioo vya kupimia damu, na kwenye daftari la hospitali hadi leo yeye ni mwoshaji. Aliyemfundisha ni mkuu wa maabara, Mutsinzi, kila alasiri kioo kimoja, kwa miaka kumi na tisa. Mutsinzi aliuawa Aprili.

"Mwenye alijua kama ninajua, hayuko tena," anasema, na machozi yanamtoka bila kificho.

Asiyekujua hakuthamini, na uongozi mpya haumjui. Umetangaza kuwa kuanzia Februari hakuna jibu litakalotoka bila saini ya aliyefaulu mtihani: vioo hamsini, makosa yasizidi matatu, pamoja na maswali ya kuandika. Kwa sasa yeye husoma vioo sitini kwa siku, Kalisa akitia saini. Mukankusi akianguka mtihani, anarudi kwenye ndoo ya kuoshea.

Vioo havimtishi. Anachokiogopa ni kalamu, kwani aliishia darasa la tano. Kwa hiyo mawingu yakitanda, wawili hao hubadilishana viti, na mwalimu wa asubuhi anageuka mwanafunzi mwenye manung'uniko mengi.

"Iko wasichana wawili wanaosha vioo hapa," anasema. "Nikifaulu, nitawafundisha na wao. Kimoja kimoja."

Jana walijaza fomu ya mtihani. Penye chuo alichosomea, Kalisa alitaka kupiga mstari. Mukankusi akamshika mkono.

"Andika Mutsinzi."

"Mama, hicho si chuo. Ni mtu."

"Andika tu. Wakiuliza, nitawaeleza."