Siku Niliyoikana Nyota ya Mzee Guyo Mbele ya Isiolo Nzima

Mmeniuliza mara nyingi kwa nini sikanyagi uwanja wa baraza pale Isiolo, na kwa nini nikimwona mzee mwenye nishani kifuani navuka barabara haraka kama mtu aliyeona nyoka, na kila mara nimewadanganya kwamba ni vumbi, lakini leo nitasema ukweli, na mwenye kucheka acheke sasa amalize, maana aibu yenyewe nimeshaizoea kama mtu anavyozoea jino bovu.

Kwanza mjue mimi Kirimi si mtu wa kubahatisha. Niliuza miraa mpaka nikajilipia nauli ya meli, hakuna mjomba aliyenisaidia, nikakaa Uingereza miaka minne, nikarudi na diploma ya utunzaji wa maghala yenye muhuri mwekundu mkubwa kama kifuniko cha chupa (niliitundika mahali ambapo mgeni akiketi hawezi kutazama kitu kingine), suti mbili, viatu vya ngozi vya pua ndefu, na ujuzi ambao niliamini hakuna mwingine anao kutoka Meru mpaka Merti: kutambua nishani za zamani za jeshi la Mfalme. Mzungu aliyenipangisha chumba kule alikuwa askari wa vita vya kwanza, na siku za Jumapili alinifungulia droo zake akanifundisha kusoma rangi za tepe, utepe upi ni wa vita gani, medali ipi ni ya fedha na ipi ni ya shaba, na zaidi ya yote akanifundisha kutafuta jina. Medali ya mviringo, alisema, jina la askari na namba yake viko ukingoni, na nyota, jina liko mgongoni. Bila jina, usinunue. Nililishika neno hilo kama katekisimu. (Nishani za vita vya pili huyu mzee hakuzitaka nyumbani mwake, aliziita vibati vya jana, na mimi mwanafunzi mwema sikuuliza kwa nini.)

Niliporudi nikapata kazi ya ghala la serikali pale Isiolo, nikakuta mji umejaa nishani kuliko duka lolote la London. Kulikuwa na wazee wa Kisomali waliopewa makao baada ya vita vya Mjerumani, Waborana na Wameru waliopelekwa Bama kupigana na Mjapani katika vita vya pili, na kila mmoja ana kitu kifuani au ndani ya kopo la chai. Nilinunua, nikabadilisha kwa sukari na blanketi, nikajaza sanduku la kioo vipande thelathini na kimoja, kila kimoja na kadi yake kwa mwandiko wangu. Kichwa cha sanduku kilikuwa nyota ya Bama, utepe wa buluu na nyekundu na mistari ya rangi ya machungwa, niliyoinunua kule Uingereza ikiwa tayari imegandishwa kwa gundi juu ya kitambaa cheusi. Sikuwahi kuibandua. Mtu habandui kichwa cha familia.

Sasa hiyo ilikuwa miaka ya vita vya Shifta, wale waasi wa kaskazini. Mji ulikuwa na vizuizi kila upande, watu wamehamishwa kwenye vijiji vya ulinzi, na hakuna aliyeruhusiwa kusogeza hata mbuzi bila barua. Mvua zilikuwa zimekataa. Siku hiyo ya baraza D.O., mkuu wa tarafa, alitangaza kwamba barua za malisho zitatolewa asubuhi hiyo tu, na wa kwanza watakuwa wazee waliotumika jeshini, kwa sababu mtu aliyekula kiapo akakitimiza anaweza kuaminiwa. Mimi sikuwa na ng'ombe wala shida. Nilikuwa napita kwenda posta, nikaona kiti kitupu mbele kando ya rafiki yangu Mutuma, karani, nikakaa ili suti ionekane.

Akasimama mzee wa Kiborana, mrefu, mwembamba, kilemba cheupe. Mzee Guyo. Ng'ombe wake arobaini walikuwa wamefungiwa ndani ya boma la miiba nje ya kijiji, wengine tisa walikuwa wamekufa wiki hiyo, na majani yaliyobaki yalikuwa upande wa Leparua. Cheti chake cha jeshi kilikuwa kimeungua pamoja na nyumba. Alichobaki nacho ni nyota moja ya shaba, ambayo alimpa D.O. kwa mikono miwili.

"Mzee," D.O. akasema, "nitajuaje kama hii ni ya kweli? Juzi mtu ameniletea kifuniko cha tochi." Watu wakacheka. Akainua nyota juu. "Kuna mtu hapa anajua vitu hivi?"

Ndugu zangu, hapo ndipo. Mkono wangu ulipanda wenyewe.

Mutuma akanivuta koti. "Kirimi, keti. Nani amekuita?"

"Ujuzi haukai kimya, bwana," nikamwambia (nilisema hivyo kweli, mashahidi wapo), nikaenda mbele nikitoa kioo changu cha kukuzia kutoka mfukoni, kwa maana nilikuwa natembea nacho hata kwenda kununua nyama.

Nikaitazama nyota. Nikaipima kwa kiganja. Nikaigeuza. Mgongo ulikuwa mtupu kama paji la uso la mtoto. Badala ya kumnong'onezea D.O. kama mtu mwenye adabu, nikaugeukia umati, nikakohoa, nikatoa mhadhara. Nikaeleza Mfalme ni nani, tepe zinafumwaje, jina linachongwa wapi. Mwisho nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni: "Jeshi la Mfalme halimpi mtu nishani bila jina. Hii haina jina, haina namba. Hii imetengenezwa na fundi wa masufuria!"

Mzee Guyo akaniangalia kutoka viatu mpaka nywele, bila haraka.

"Huko Bama, kijana, fundi wa masufuria alikuwa wapi?" akauliza. "Mimi niliona matope tu. Mpaka hapa." Akaweka mkono kifuani.

Watu wakacheka tena, na safari hii kicheko kilikuwa upande wake. D.O. hakucheka. Alirudisha barua ndani ya faili, akasema, "Mzee, kaa kando kwanza." Mzee Guyo hakukaa. Alisimama palepale akasema, si kwangu, si kwa mtu yeyote, "Basi watakufa wote. Kwa sababu ya jina."

Nilisikia kitu kikinichoma, siwadanganyi. Mtu mwenye akili angesema, bwana D.O., labda nimekosea, tuulize wenzake. Lakini mimi nilikuwa na diploma. Nikasema, "Nipe dakika kumi nilete zangu, kila mtu aone nishani ya kweli inavyokuwa," nikatoka mbio, nikarudi na sanduku la kioo kifuani kama mtu aliyebeba mtoto wa kubatizwa, nikaliweka juu ya meza ya serikali.

Nikatoa medali ya fedha, ile yenye kichwa cha Mfalme upande mmoja na upande wa pili mtu uchi amepanda farasi (kina mama wakaangalia pembeni). Niliinunua kwa mwenye duka mmoja aliyenihakikishia kwamba mwenyewe alishakufa zamani, na hata kwenye kadi nilikuwa nimeandika hivyo kwa wino mweusi.

"Tazameni," nikasema. "Huyu marehemu, Mungu amlaze pema, alikufa akipigana na Mjerumani. Mwili umeoza lakini jina lipo ukingoni! Praiveti Warsame Jama!"

"Nipo!"

Sauti ilitoka nyuma, kali, kama ya gwaride. Watu wakapasuka katikati wakampisha mzee wa Kisomali mwenye ndevu za hina, mgongo umenyooka kama ufito, nishani nyingine kifuani zikigongana. Akaja mpaka mezani, akasimama wima mbele yangu.

"Salaam aleikum," akasema. "Marehemu anakusalimu."

Baraza zima lilikuwa chini kwa kicheko. Mutuma alikuwa amefunika uso kwa kofia yake, na mama mmoja wa chai aliegemea birika akilia machozi ya kicheko.

"Hii ilianguka siku tuliyohamishwa kijijini," Mzee Warsame akasema akiichukua mkononi mwangu bila kuomba ruhusa, na kwa haki. "Mke wangu aliitafuta barabarani siku mbili. Wewe umenizika lini?"

D.O. sasa alikuwa anasaga meno ili asicheke. Akamwuliza Mzee Warsame kama anajua lolote kuhusu nyota. Mzee akaichukua ile ya Guyo, hakuitazama hata mgongo.

"Bwana mkubwa, vita vya kwanza walituandika majina. Vita vya pili mimi nilikuwa sajini, nafundisha vijana. Nyota zilikuja kwa masanduku, kama misumari. Unaitwa, unapewa, unaenda. Nani angeandika watu wote hao?" Akageukia wazee. "Wenye nyota, geuzeni!"

Na nyota zikageuzwa. Mmeru mmoja, Mturkana mmoja, Waborana watatu, migongo yote mitupu, ikimeta kwenye jua. Nilitamani ardhi ifunguke. Nikaanza kufunga sanduku polepole nikitumaini watu wamechoka, lakini yule mama wa chai hakuwa amechoka.

"Na yako je, msomi? Ile kubwa ya katikati? Geuza nayo tuone jina!"

"Geuza! Geuza!"

Nilichomoa kisu kidogo, nikaanza kubandua. Gundi ya Wazungu ni kali. Nyota ilitoka, utepe ukachanika vipande viwili, nikaigeuza mbele ya D.O., na hapo mgongoni palikuwa na gundi kavu na nyuzi za kitambaa cheusi, na jina hakuna.

"Kumbe!" mama wa chai akapiga kelele. "Fundi wa masufuria amefika mpaka Ulaya!"

D.O. alitoa ile barua kwenye faili, akatia sahihi, halafu akaniangalia. Akasema askari wa vizuizini watauliza maswali yaleyale aliyouliza yeye, kwa hiyo ng'ombe wa Mzee Guyo watahitaji mdhamini anayezijua nishani, atembee nao mpaka kizuizi cha mwisho.

"Nipe huyu," Mzee Guyo akasema. "Anapenda kuongea."

Basi nilitembea. Suti, viatu vya pua ndefu, nyuma ya ng'ombe arobaini waliobaki mbavu tupu, jua la Isiolo juu ya kichwa kisicho na kofia, na mambo ambayo ng'ombe huacha njiani nisingependa kuyaeleza. Kila kizuizi ilikuwa hadithi ileile. Kwenye kile cha mwisho askari kijana aliigeuza nyota, akakunja uso. Wakati huo ndama mmoja alikuwa amelala chini na hataki kuamka, na Mzee Guyo alikuwa amemshika kichwa.

"Mbona haina jina?" askari akauliza.

"Hazikuandikwa, afande. Vita vya pili hakuna aliyeandikwa."

"Nani amekuambia?"

Ulimi ulitaka kusema Uingereza, ulitaka kusema diploma. Nikamtazama yule ndama. "Wazee waliozivaa," nikasema. "Leo asubuhi. Kabla ya hapo nilikuwa sijui kitu."

Askari akanitazama sana, akaitazama suti yangu, akainua mti wa kizuizi. Tulimwinua ndama, mimi nyuma na mzee mbele, akapita wa mwisho. Upande wa pili majani hayakuwa mengi, lakini yalikuwa majani, na ng'ombe walishusha vichwa vyote pamoja, sauti yao ya kula ikasikika mpaka barabarani.

"Rudi nyumbani sasa," Mzee Guyo akaniambia. "Umesaidia." Halafu, kama aliyekumbuka jambo: "Sehemu ya pili ya siku tu."

Tangu hapo nimeapa. Nikiletewa nishani sitoi kioo, siulizi habari za jina. Nauliza mwenyewe yuko wapi, na kama yu hai nanyamaza mpaka aongee yeye.