Tarumbeta za Baba Mdogo Nathanaeli

Elirehema aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa darasa la tatu. Akapona yeye, masikio hayakupona. Tangu hapo kila mtu kule milimani humpigia kelele. Mama akitaka chumvi, kelele. Mchungaji akimbariki, kelele. Baba yake mdogo Nathanaeli, kiongozi wa tarumbeta za usharika, humkamata bega kwanza ndipo apaze sauti. Amewaeleza mpaka amechoka: nitazameni usoni, semeni polepole, nitasoma midomo. Wanaitikia kwa kichwa, kisha wanapiga kelele.

Labda ndiyo maana aliipenda gofu. Kwenye uwanja wa zamani wa shamba la mkonge, huku tambarare, alikoanza kwa kuokota mipira, mtu akitaka kupiga wote hunyamaza. Hapo alikuwa sawa na wenzake. Akajifunza mpaka akawashinda waliomfundisha, na mwaka huu akaitwa kwenye majaribio ya kuwa mchezaji wa kulipwa. Akifaulu, gofu ndiyo kazi yake. Akishindwa, anarudi kuokota mipira ya wengine.

Kosa lake ni kuwaambia nyumbani. Usharika ukashuka na basi la kukodi, na tarumbeta, na ngoma kubwa.

"Shikamoo baba mdogo. Nakuomba, huku hakupigwi kitu. Mchezaji anahitaji kimya."

"Marahaba mwanangu, nimekuelewa!" Akaitikia na kwa kichwa. Laiti Elirehema angekumbuka vichwa vile vya nyumbani.

Shimo la mwisho, alibakiwa na mpigo mmoja tu, na lazima mpira uingie. Upepo ulikuwa ukimvumia kwenye kifaa chake cha kusikia, akakivua, akakitia mfukoni. Akainama. Ardhi ikaanza kumdunda nyayoni.

Alipoinua macho, mashavu ya baba mdogo yalikuwa yamevimba, ngoma inatwangwa, na msimamizi anapunga mikono bila wa kumjali. Akawafuata, amekasirika hasa.

"Baba mdogo, tulikubaliana nini?"

Nathanaeli akashusha tarumbeta, akasema taratibu kwa mara ya kwanza maishani, naye Elirehema akamsoma midomo neno kwa neno. "Kimya ni cha mchezaji. Mchezaji ni wewe. Wewe husikii. Sasa tunamsumbua nani?"

Wazee wa kanisa wakaona hoja ina uzito.

"Nyamazeni!"

Kelele zote alizowahi kupigiwa Elirehema zilimtoka mara moja, mbele ya mchungaji na wakubwa zake. Mpiga ngoma akadondosha kirungu. Elirehema akarudi, akainama, akapiga. Mpira ukazunguka ukingoni, ukasitasita, ukatumbukia.

Amefaulu. Akalia pale pale, akamwona baba mdogo anakuja mbio, akakirudisha kifaa haraka ili hongera hii aisikie kwa sikio lake. Nathanaeli akamkamata bega, akamwinamia sikioni, akapaza sauti mpaka msimamizi akaruka.

"Hongera! Lakini mwanangu, mbona ulitupigia kelele vile? Sisi ni viziwi?"