Sufuri Iliyogeuka Nane

Siku yangu ya kwanza kazini, mjini Butembo, sikupewa tournevis ya kufungulia skrubu. Chef d'atelier, mkuu wa karakana ya kompyuta, mzee mfupi aliyevaa blouse ya bluu, lile koti la kazi, alifungua kompyuta mbele yangu, akachomoa barrette, kipande chembamba cha kumbukumbu kama rula ya mtoto wa shule, kisha akaiwasha. Machine ikaanza kulia: mlio mrefu, kimya, mlio mrefu.

— Kavira, inalia juu ya nini?

— Juu mumeivunja, Chef.

— Hapana. Juu nimetosha barrette. Disque njo kabati, barrette njo meza. Mutu mwenye hana meza atatumikia wapi?

Nilikuwa nimetoka kwenye kazi ya dactylo, kupiga barua za watu kwa machine ya kuandikia, na nilidhani nimekuja kujifunza kupiga haraka zaidi. Jioni ile nilirudi nyumbani nikijua kwamba kompyuta ina meza, yaani kumbukumbu ya kutumikia, na kabati ya kuhifadhia. Tangu siku hiyo sikutulia tena. Mama yangu alisema nimekuwa kama mtu anayetembea juu ya siafu.

Baada ya miaka michache walinituma Masereka, kutunza machine za shule moja ya sekondari. Kule baridi na ukungu huingia hadi kwenye vyuma. Asubuhi kompyuta zilikataa kuwaka, nami nilichomoa barrette moja moja, nikasugua meno yake ya shaba kwa gomme, kifutio cha wanafunzi, nikazirudisha, zikawaka. Walimu waliniona mganga.

Niliporudi Butembo, mzee wa blouse ya bluu alikuwa amekwisha kustaafu. Mahali pake aliwekwa Gérant, meneja mpya, mtu wa maneno mazuri na haraka nyingi. Nilikuwa technicienne, fundi mkuu wa atelier, na kila machine mpya ilitoka na sahihi yangu juu ya fiche, karatasi yake ya ukaguzi. Nataka kuwaeleza ninyi, wajukuu zangu mnaoanza kazi hii leo, habari ya sahihi moja.

Hospitali moja ya Beni ilituagiza kompyuta ya kuwekea kadi za wagonjwa. Tuliijenga kuanzia mwanzo: carte mère mpya, ule ubao mkubwa unaobeba vitu vyote, na barrette mbili zilizotoka kwa wafanyabiashara wawili tofauti. Nilipoiwasha mara ya kwanza, écran, skrini yake, ilibaki nyeusi. Taa ndogo nyekundu ikawaka kando ya barrette. Nilitoa zote mbili, nikarudisha moja, ikawaka. Nikaongeza ya pili, giza. Nikaondoa pile, ile betri ndogo ya duara inayofanya carte mère ikumbuke mipango yake, nikangoja kidogo, nikairudisha. Safari hii ikawaka na zote mbili.

Lakini moyo haukukaa mahali pake. Ndani ya kila carte mère mnakaa programu ndogo inayoamka kabla ya vitu vyote. Ndiyo tunayoiita BIOS. Ndiyo inayoamua barrette zikimbie mbio gani. Ya machine ile ilikuwa ya zamani kuliko barrette zenyewe, na ilifaa ibadilishwe. Kisha kuna jaribio la kumbukumbu: programu inaandika kila mahali kwenye barrette, inasoma tena, inalinganisha. Mzunguko mmoja ni saa moja na zaidi, na desturi yetu ilikuwa mizunguko minne.

Mzunguko wa kwanza ulikwisha bila kosa. Gérant akaingia.

— Mama Kavira, gari za Beni zinaenda na escorte ya jeshi sasa hivi. Kama tunakosa leo, hatujue siku gani ingine zitaenda.

— Bado mizunguko tatu, Gérant. Na BIOS sijaibadilisha.

— Inawaka ao haiwake?

— Inawaka.

— Donc? Basi?

Nikaandika kwenye fiche: jaribio limekamilika. Nikatia sahihi.

Majuma matatu baadaye, siku ya Jumanne, Médecin directeur, daktari mkuu wa hospitali ile, akanipigia simu. Hakuwa na hasira juu yangu; alitaka tu kujua namna ya kufunga neno la siri la mfanyakazi anayefukuzwa. Mfanyakazi huyo aliitwa Kahindo, mwanamke aliyeandika kadi za watoto. Alikuwa ameandika kilo kumi na nane kwa mtoto wa kilo kumi, na dawa ya malaria hupimwa kwa uzito. Kwa bahati nzuri infirmière mmoja, muuguzi, alitazama miguu myembamba ya mtoto, akakataa kudunga.

— Anaapa eti aliandika kumi, Docteur akasema. Bote banasemaka vile.

— Kuna makosa ingine?

— Mingi. Mutoto mwenye kuitwa Masika, ameandika Misika. Kilo moja na nusu, ameandika tisa na nusu.

Nilishukuru, nikamweleza neno la siri linavyofungwa, nikakata simu. Kisha nikabaki nimesimama. Sufuri imekuwa nane. Moja imekuwa tisa. A imekuwa i. Mtu akikosea kwa kidole, hupiga herufi iliyo jirani. Nikatazama clavier yangu, kibodi ya kupigia herufi: sufuri na nane hazigusani, a na i ziko mbali kabisa. Lakini ndani ya kompyuta kila herufi ni safu ya swichi nane, zilizo wazi au zilizofungwa, na kati ya sufuri na nane tofauti ni swichi moja. Kati ya moja na tisa, swichi ileile. Kati ya a na i, ileile tena. Hakuna kidole cha mtu kinachoweza kukosea namna hiyo. Ilikuwa meza. Ilikuwa machine yangu.

Nilimwendea Gérant. Akafunga mlango.

— Ukisema ni machine, kesho nani ataleta kazi hapa? Ngojea. Labda ni yeye kweli.

Nami, wajukuu zangu, nikangoja. Jumatano nzima nilizunguka mle atelier, nikifungua machine ambazo hazikuwa na ugonjwa. Niliteremka hadi sokoni, nikapanda tena bila kununua kitu. Alhamisi alfajiri nilipanda pickup ya Beni bila kumuaga Gérant. Kwenye barrière ya barabarani mwanajeshi alichungulia mfuko wangu, akaona clé USB yenye programu zangu na tournevis, akaniuliza safari yangu kwa Kilingala.

— Mama, okei wapi?

— Hospitali.

— Unagonjwa?

— Hapana. Niliharibu kitu.

Akacheka, akafungua kamba.

Docteur alishangaa kuniona. Nikaanzisha jaribio palepale mbele yake. Mzunguko wa kwanza, hakuna kosa. Wa pili, hakuna. Saa sita za mchana alirudi, akatazama écran.

— Mama, machine iko muzuri. Acha batu batumike.

— Docteur, tungojee joto kidogo.

Jua lilikuwa limeshika bati za ofisi. Katikati ya mzunguko wa tatu mstari mwekundu ukatokea, kisha wa pili, kisha écran ikajaa wekundu. Kila mstari ulionyesha swichi ileile. Docteur alivua miwani, akavaa tena.

Nilijaribu barrette moja peke yake: safi. Nyingine peke yake: safi. Zote mbili pamoja, ofisi ikipata joto: nyekundu. Basi hazikuwa mbovu. BIOS ya zamani haikuzijua, ikazikimbiza pamoja mbio kupita nguvu zao. Ilipaswa kubadilishwa, na hiyo ni kazi ya hofu: courant, yaani umeme, ikikatika katikati, carte mère inakufa palepale. Nilimwomba Docteur tungoje groupe électrogène, jenereta ya hospitali, iwashwe kwa ajili ya upasuaji. Ilipowaka, nikachomeka clé, nikabonyeza. Mstari mweupe ukaanza kutambaa. Taa ikapepesa mara moja. Nilishika ukingo wa meza hadi vidole vikaniuma. Mstari ukafika mwisho, machine ikazimika, ikawaka yenyewe.

Siku iliyofuata nilikimbiza mizunguko minne, nikaongeza minne mingine katika joto lote la mchana. Hakukuwa na mstari mwekundu hata mmoja.

Jumamosi asubuhi Docteur akamwita Kahindo, nami nikasema mbele ya wafanyakazi wote: si yeye, ni machine, na niliyetia sahihi ni mimi. Kahindo hakulia wala hakunishukuru. Alivuta kiti, akasema:

— Leta makadi ya karatasi. Tusome yote.

Tukasoma kadi kwa kadi, yeye karatasi, mimi écran. Kabla ya saa tisa akanisogezea kadi moja. Mtoto wa kike kutoka Mutwanga, kilo kumi na moja. Machine ilisema kumi na tisa. Sindano ilikuwa imedungwa, mama na mtoto wamekwisha kurudi kwao. Kahindo alikuwa amekwisha kufukuzwa siku ile. Kadi iliandikwa na mwenzake, kwa machine ileile.

Kahindo alitazama tarehe.

— Jumatano. Weye ulijua siku gani?

— Jumanne.

Akasimama, akamwita infirmière.

Tulienda Mutwanga kwa pikipiki mbili, infirmière juu ya moja, mimi juu ya nyingine, vumbi hadi kwenye meno. Tulimkuta mama akimenya mihogo. Mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka. Mama alisema mtoto alitapika usiku kucha, akalegea siku mbili, kisha asubuhi hiyo akaomba uji. Infirmière alimpima, akamtazama macho, akanigeukia na kuitikia kwa kichwa: ataishi.

— Ni nani alikosea? mama akauliza.

— Ni mimi, mama.

Alirudi kwenye mihogo yake, akasema bila kuinua uso:

— Umekuya mwenyewe. Ikala.

Nikakaa.

Kahindo alirudishiwa kazi yake. Mimi nilitumika miaka mingine, na Gérant hakunifukuza. Kazi haikukatika kama alivyohofia. Kisha macho yakachoka kuona vipande vidogo, nikawaachia wengine tournevis. Sasa niko nyumbani Butembo, na watu wa jamaa wananiambia nipumzike, nikae kwenye kiti. Siwezi. Ninazunguka uwanja, ninafunga dirisha, ninalifungua.

Watu wanaposikia habari hii hudhani kosa langu ni ile sahihi. Sahihi ile niliiweka bila kujua kama machine itakosea. Jumatano nilijua, simu ilikuwa mfukoni mwangu, nami nikashuka sokoni.