Nilipiga dawa kichaka cha senetwet nyuma ya agrovet yangu

Wakuu, salamu kutoka Kapkatet.

Hii haikumtokea rafiki ya rafiki yangu. Ilinitokea mimi, na pale nilipokosea nitasema bila kupaka rangi.

Nina agrovet, duka la dawa za shamba na vyakula vya mifugo. Wazazi walitoka Central kitambo wakafungua duka hapa, nami nikazaliwa hapa. Kikipsigis nakisikia, kukiongea ndiko kunanishinda.

Nyuma ya duka kuna plot ambayo nyumba ilibomolewa, kikabaki kifusi. Mimea ya mjini mnaijua, haina aibu. Kwanza mboga za kujiotea, managu na terere, kando ya mtaro, halafu kichaka cha maua ya njano kikapanda hadi kwa mabati. Hakuna aliyekipanda. Kilikuwa kinakunywa maji ya sabuni na kunenepa.

Wenyeji wanakiita senetwet. Mimi nilijua jina tu.

Nilitaka hiyo nafasi niweke store ya feeds. Nikachukua dawa ya magugu kwa shelf yangu, nikachanganya kali kuliko ninavyowaambia wateja, nikapiga. Baada ya wiki tatu kichaka kilikuwa kuni tupu.

Kabla sijapata muda wa kukikata, nikakuta kimekatwa kwa panga, safi kabisa. Nikafurahi. Nikasema kuna mtu amenisaidia kazi.

Side note kwa wasiojua mursik, maziwa lala ya huku kwetu. Maziwa yanachemshwa, yakipoa yanawekwa kwa kibuyu siku kadhaa. Lakini kwanza kibuyu kinasuguliwa ndani na kijiti kilichochomwa. Mkaa wake ndio unaleta ile rangi ya majivu na ile harufu. Kijiti chenyewe ni cha senetwet.

Zamani ilikuwa kila boma. Siku hizi huko mashambani chai imepandwa hadi ukingo wa barabara, kwa hivyo akina mama wanakuja kuitafuta mjini, kwa vifusi. Mimi nikiwaona wakizunguka nyuma ya duka nilidhani wanatafuta choo.

Sasa, mlango wa pili kuna Mama Chebet, ana hoteli ya chai na maandazi. Alhamisi moja alikuja kununua dairy meal ya ng'ombe wake akiwa na furaha. Jumamosi wazee wa kijana walikuwa wanakuja kwake kwa koito, mazungumzo ya mahari ya Chebet, msichana wake wa kwanza.

"Baba Njeri, lazima ukuje ukunywe mursik. Nimetengeneza vibuyu tano. Na hiyo senetwet yako ya hapo nyuma ilikuwa imejikaukia, hata sikuanika."

Nilimpimia dairy meal, akaenda.

Wakuu, nilikaa chini. Nilichowaza si kizuri. Niliwaza moto umeshachoma dawa yote. Nikawaza nikinyamaza hakuna atakayejua. Halafu nikawaza wageni wakiumwa tumbo mbele ya Chebet, siku yake.

Jioni nilienda nikamwambia kile kichaka nilikuwa nimekipiga dawa. Hakupiga kelele.

"Ile ya kuua nyasi?"

Nikasema ndiyo, ile.

Alitoa vibuyu nje kimoja kimoja, akamwaga kwa mtaro. Vyote vitano. Nilijitolea kumsaidia, akasema niache. Niliona aibu ambayo sijawahi kuona maishani.

Jumamosi nilienda, kwa sababu nilikuwa nimealikwa. Wageni walipewa chai na soda. Mzee mmoja wa upande wa kijana akauliza, hii nyumba inakosaje mursik siku kama ya leo?

Mama Chebet akasema, "Iliharibika, mzee. Makosa ni yangu."

Hata hakunitazama. Mzee akakunja uso, lakini mazungumzo yaliendelea na yakaisha vizuri.

Jumatatu akaja dukani na kibuyu kimoja, cheusi kwa uzee, kifuniko cha ngozi. Akakiweka kwa kaunta.

"Hii ni ya mama yangu. Alinipea siku niliolewa. Hizo zingine nimechoma. Wewe ndio unajua dawa. Niambie kama hii inaweza oshwa ikuwe sawa."

Miaka yote nauza hiyo dawa, na kila anayeuliza huwa namwambia haina shida. Yeye nilimwambia sijui.

Akatikisa kichwa pole pole, akaondoka, akakiacha hapo. Ninapoandika hii kiko mbele yangu. Kukirudisha siwezi, kukitupa siwezi.

Nilichojifunza ni kwamba kitu kikijiotea mjini, kuna mtu tayari ameshakijua na anakitumia. Uliza majirani kabla ya kupiga dawa. Na ukishapiga, waambie siku hiyo hiyo.

Matusi leteni, nitayasoma yote. Lakini kama kuna mkuu hapa anayejua kemia ya kweli, si ya dukani kama yangu, aniambie: kibuyu kikishasuguliwa na huo mkaa, kinaweza kuoshwa kikawa salama? Hata kama jibu ni hapana, niandikie. Mama Chebet anapita hapa kila asubuhi akienda kufungua hoteli, ananisalimia vizuri, na bado hajaniuliza mara ya pili.