Chupa Iliyojaa ya Chepkurui

Chepkurui alizaliwa Kimulot, na kwao mtu hapeleki kikapu nusu kwenye kituo cha kununulia majani chai. Ni aibu. Kwa hiyo alipoajiriwa kukuza seli za uvimbe wa koo katika maabara ya hospitali moja upande wa Bomet, alingoja kila chupa ijae kabisa ndipo avune.

Kazi yake ni kupima seli ngapi ziko mbioni kujigawa. Seli inayotaka kujigawa hunakili kwanza DNA yake, ikawa maradufu. Yeye huzitia rangi inayoshika DNA, kisha mashine huzipitisha moja moja mbele ya mwanga. Kwenye skrini huchomoza vilima viwili: kimoja cha seli ambazo hazijanakili, na kingine cha zilizomaliza. Zinazonakili hujaza bonde la katikati.

Uvimbe wenyewe, ulipotoka kwa mgonjwa, ulijaza bonde. Seli zilizokuzwa chupani kutokana na uvimbe huohuo zililiacha tupu.

"Dawa yetu inazuia kunakili," Daktari Omariba alimwambia. "Tutaijaribu vipi kwa seli zilizolala? Wiki ijayo ikiwa hivi, mashine inaenda Kisumu. Maabara ya huko imeiomba."

"Ikienda, naifuata," akasema Okeyo, mwenzake wa maabara. "Huko angalau kuna samaki."

"Nenda tu. Maziwa ya huku utayalilia," Chepkurui akamjibu.

Jumamosi alienda nyumbani kuchuma chai na mama yake. Mistari ya juu ilikuwa imeachwa mpaka machipukizi yakawa banji, yaani yamefunga, hayakui.

"Mama, hii ulikuwa unangojea nini?"

"Ijae kikapu. Niende kituoni na kiganja cha majani, watu wanicheke?"

Chepkurui alicheka, mkono ukiwa bado juu ya kichaka.

"Sasa unanicheka mimi?"

"Hapana, mama. Najicheka. Nami nangoja chupa zijae."

Jumatatu aligawa chupa iliyojaa katika chupa nne, akazipa chakula kipya, akazivuna zikiwa nusu. Bonde likajaa. Katika zile alizotia dawa, likabaki tupu.

"Rudia," Daktari alisema.

Akarudia. Ikawa vilevile.

"Basi Kisumu watafute yao."

"Na samaki wangu?" Okeyo akauliza.

Jumamosi iliyofuata, Chepkurui alipita katikati ya foleni ya kituoni na kikapu nusu, bila kukifunika.