Mwenyewe Amechukua

Kila redio iliyoingia katika kibanda cha Fundi Mawimbi ilipewa kikaratasi cha manjano, nacho kikakatwa katikati. Nusu moja iliondoka na mteja, na nusu ya pili ikafungwa kwa uzi kwenye mkono wa redio yenyewe. Siku mteja akirudi, fundi aliziweka nusu mbili mezani, ukingo kwa ukingo, akazilainisha kwa kidole gumba, akaandika nyuma yake "mwenyewe amechukua", kisha akazichomeka kwenye msumari mrefu ukutani. Hakuna aliyemfundisha hivyo. Alijibunia utaratibu huo akiwa kijana, na alijivunia huo kuliko ufundi wake, ambao nao, tuseme kweli, haukuwa haba.

Juu ya mlango kulikuwa na rafu asiyoitaka iguswe. Hapo zilikaa redio kumi na moja ambazo zilikwisha kupona zamani na wenyewe hawakurudi.

"Ziuze hizo, tupate pa kuweka kiti," mkewe alimwambia kila akija kumletea chai.

"Mama watoto, mtu mwenye kitu chake kwa fundi lazima arudi. Atakwenda wapi na nusu ya karatasi iko mfukoni?"

"Wengine mifuko imekwisha kuliwa na panya," mkewe alijibu, akaweka chai chini kwa kuwa juu hapakuwa na nafasi.

Mchana, wateja wakipungua, fundi alipenda kuwasha redio moja ya rafuni na kuiacha katikati ya stesheni mbili, mahali pasipo na mtangazaji wala muziki, mvumo mtupu. Alikaa hapo katika usingizi wa mang'amung'amu, kidole kwenye kitufe, uso umetulia tuli. Ukimuuliza anasikiliza nini, alisema, "Mawimbi." Jina lilimganda hapo, na siku hizi hata mkewe ni lazima afikiri kidogo kulikumbuka lile jingine.

Huyo ndiye mtu mwenyewe. Sasa sikiliza kilichompata.

Miaka kumi na mitano nyuma, siku moja akiwa amebeba redio kubwa ya mbao, kifua kilimbana kama mtu aliyekaliwa na mtu mwingine. Hospitali walimlaza chali juu ya meza nyembamba, wakampitishia mrija mwembamba kutoka kwenye mshipa wa kifundo cha mkono mpaka moyoni. Hawakumpa dawa ya usingizi. Hilo ndilo alilopenda kulisimulia, na alilisimulia hata kwa wasiouliza. Kando ya meza kulikuwa na skrini, na kwenye skrini akauona moyo wake mwenyewe: vijito vyeusi vikachanua, vikafifia, vikachanua tena. Kimoja kilikatika njiani. Daktari akajaza hewa kipira kidogo mahali pale, akapatanua, akaacha ndani kijibomba cha wavu wa chuma, na fundi akakiona kile kijito kikiendelea mpaka mwisho wake, polepole, bila sauti. Aliona raha ya ajabu. Kwa miaka mingi aliota vijito vile, na katika ndoto alikuwa akitembea kando yake bila viatu.

Kesho yake alikuja nesi mmoja kijana, mwenye mwanya, akiwa na makaratasi. Akamweleza kwamba hospitali yao inafanya utafiti. Kuna nyavu tupu na kuna zilizopakwa dawa, na watu wanapewa hii au ile kwa kura. Kinachotakiwa ni kujua miaka mingi baadaye nani yuko salama, nani mshipa wake umeziba tena, nani hayupo. Je, mzee atakubali kuja mara moja kila mwaka, aulizwe na apimwe?

Alikubali. Nesi akampa kikadi chenye namba sitini na moja, na namba hiyo hiyo akaiandika juu ya faili lililobaki kwake. Fundi akakitazama kikadi, akalitazama faili, akacheka peke yake.

"Moyo wangu uko kwa mafundi," alimwambia mkewe alipokuja kumtazama. "Tiketi ninayo."

Mkewe alidhani ni dawa zinazomsemesha. Kumbe mwenzake alikuwa amekwisha kuamini. Tangu siku hiyo aliishi kama mtu mwenye miadi. Kila mwaka, tarehe ile ile, alipiga shati pasi, akapanda ghorofa ya tatu, akakaa kwenye benchi na wenzake wa namba. Kifua kimewahi kubana? Umelazwa popote? Dawa unakunywa au unazitazama? Ngazi ngapi kabla ya kuanza kuhema? Nesi aliuliza, akaandika, akataja tarehe ya mwakani. Miaka ikapita hivyo. Nesi akaanza kuvaa miwani, na mvi mbili tatu zikajitokeza upande wa sikio. Benchi nalo, ambalo zamani lilijaa mpaka watu wakaegemea ukuta, likaanza kuwa na nafasi ya kuweka kofia, halafu mkoba, halafu hata ya kujinyoosha.

Ndipo mwaka huu simu ikaja.

"Mzee wangu, safari hii ni ya mwisho," nesi alisema. "Utafiti umetimiza miaka yake. Utakuja, tutakupima, tutafunga faili."

"Haya, mwanangu," alijibu, na akakata simu. Kisha akatafuta bisibisi kibanda kizima, na ilikuwa mkononi mwake.

Aliogopa. Hakuna haja ya kuzungukazunguka, mzee aliogopa kama ambavyo hakuogopa hata siku ile ya meza. Miaka yote hii kulikuwa na mahali palipomtazamia mwakani. Faili likifungwa, mwakani hakuna anayemngoja. Akaliwaza jambo hilo siku tatu, redio ikivuma kando yake, na siku ya nne akapata dawa: asiende. Asipokwenda, hawawezi kufunga. Faili lisilofungwa ni kitu kilichobaki kwa fundi, na mwenye kitu kwa fundi lazima arudi. Hesabu ilikuwa safi, kwa mtu aliyeishi miaka arobaini na vikaratasi vya manjano. Akatoa betri ya simu, akaizika katika mkebe wa skrubu.

Tarehe ikapita. Juma moja likapita. Asubuhi moja ya Jumatano mkewe alikuwa kibandani na chai yake, fundi akachungulia nje na kuona mtu mwenye mwanya anavuka barabara.

"Mwambie nimesafiri," alinong'ona, tayari amechuchumaa nyuma ya meza.

Mkewe hakushusha hata sauti. "Umesafiri vipi, na miwani umeiacha hapa? Karibu, mwanangu. Yuko huko chini, anatafuta haya zake."

"Shikamoo, mzee," nesi alisema.

"Marahaba," ilijibu meza.

Akatoka, amejaa vumbi magotini. Nesi akapewa kiti kimoja kilichokuwapo, na fundi akabaki wima kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Ijumaa tunafunga kazi yote," nesi alisema. "Usipokuja, itanibidi niandike umepotea."

"Nimepotea vipi? Kibanda hiki hakijahama hata hatua moja!"

"Karatasi haijui hilo. Kwenye karatasi mtu yuko hai, amefariki, au amepotea. Aliyepotea tunamhesabu mpaka siku ya mwisho tuliyomwona, basi. Wataalamu wakitaka kujua wavu kama wako unamfikisha mtu wapi, namba sitini na moja itakuwa kimya. Na wewe hukuwahi kukosa hata mwaka mmoja. Kuna nini, mzee wangu?"

Akamwambia. Alimwambia yote, ya tiketi, ya faili, ya kurudi, huku akizungusha bisibisi vidoleni, na mkewe, aliyekuwa ameshika buli akitaka kumimina, akasahau kumimina.

"Mkifunga," alimalizia, "nani atanidai nirudi?"

Nesi hakucheka. Alitazama rafu ya juu ya mlango, akainuka, akagusa redio ndogo nyekundu yenye nusu karatasi inayoning'inia.

"Hii ya nani?"

"Ya mwalimu mmoja mstaafu. Hakosi taarifa ya habari ya asubuhi."

"Anakuja kuichukua lini?"

Fundi aliweka bisibisi mezani. Mkewe alitazama sakafu.

"Alifariki," fundi alisema. "Mwaka wa nane huu. Nilikwenda kumzika."

"Na karatasi yake?"

"Ilikuwa hapo hapo." Aliyasema maneno hayo taratibu, kama anayasikia kwa mara ya kwanza. "Ilikuwa hapo hapo ilipo, na hakurudi."

Barabarani baiskeli ilipita ikigonga kengele.

"Huo moyo hatukuwa nao sisi, mzee wangu," nesi alisema. "Umetembea nao mwenyewe miaka yote. Sisi tulikuwa tukiuliza habari tu."

Ijumaa fundi alipiga shati pasi. Benchi lote lilikuwa lake, na alikaa katikati. Chumba cha kipimo kilikuwa na mwanga hafifu. Wakampaka mafuta baridi kifuani, wakapitisha kifaa chao, na kwenye skrini moyo ukatokea, wa kijivu, unafunguka na kujifunga. Mtaalamu akabonyeza kitufe na sauti ya moyo ikajaa chumba: mvumo mpana unaokuja na kuondoka, mahali pasipo na mtangazaji wala muziki. Fundi aliujua mvumo ule. Macho yakamlegea, na akaviona tena vile vijito, ila safari hii hakuwa kando yake, alikuwa ndani. Ilibidi wamguse bega kumwambia avae shati.

Nesi akauliza maswali yake, yote, bila kuruka. Kifua hakijabana. Hakulazwa. Dawa anakunywa, muulizeni mama watoto. Ngazi zote za kuja hapa, na kupumzika mara moja. Kisha nesi akafika mstari wa mwisho wa ukurasa wa mwisho na kuandika "hai", herufi tatu, akapiga muhuri.

"Ngoja kidogo," fundi alisema.

Akatoa kikadi mfukoni. Kilikuwa kimekatika pembe, na namba imefifia, ila bado inasomeka. Akakiweka mezani kando ya faili, ukingo kwa ukingo, sitini na moja kwa sitini na moja, akalainisha kwa kidole gumba.

"Nipe kalamu, mwanangu."

"Mzee, kwenye faili huruhusiwi kuandika."

"Siandiki kwenye faili."

Akakigeuza kikadi, akaandika nyuma yake maneno mawili na tarehe ya siku hiyo, kwa mwandiko ule ule wa msumarini. Akamkabidhi. Nesi akasoma, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko uchafu wake.

Hofu ilikuwa bado ipo, tusidanganyane. Lakini alishuka ghorofa zote tatu kwa miguu, taratibu, kiganja kimoja kifuani, kama wanavyotoka watu kibandani kwake wakiwa wamekumbatia redio yao iliyopona.