Maji ya Tatu

Mama aliyekuwa akifua nguo za mtaa wetu hatukumwita kwa jina lake. Tulimwita Maji Matatu. Wafuaji wengine husuuza mara moja, wakijitahidi sana mara mbili, halafu kamba inamalizia kazi. Yeye alipanga mabeseni matatu kando ya ukuta, na kila nguo ilipita yote. La kwanza linatoa povu, la pili linatoa utelezi, na la tatu, alisema, "linatoa hata kumbukumbu ya sabuni." Akimaliza huchota maji ya beseni la tatu kwa kiganja na kuyatazama. Asipoiona mistari ya kiganja chake vizuri, nguo inarudi.

Alikuwa mjane, mfupi, na vidole vyake vilikunjamana hata siku ambayo hakufua. Mimi nilijifungua kwa kupasuliwa. Kuinama sikuweza, kwa hiyo yeye alinifulia nepi tangu wiki ya kwanza. Alikuwa akizileta zimekunjwa kama barua, kisha anamchungulia mtoto na kumwambia, "Bosi wangu, leo umenipa kazi kweli."

Maji ya kufulia alinunua kwangu. Bomba liko uani kwetu, na mwenye nyumba alinikabidhi: nilipe bili, kinachobaki ni changu. Maji Matatu alichukua ndoo kumi kila asubuhi.

Mume wangu ni fundi rangi. Mwaka huo watu waliacha kupaka nyumba, na mimi nikaanza kutafuta pa kuongezea. Nina friji ndogo, nauza barafu za mifuko kwa watoto. Nikazipandisha bei kutoka shilingi kumi hadi kumi na tano. Siku mbili tu, watoto wote wakahamia kwa muuza karanga, barafu zikabaki zinanitazama. Nikarudisha bei ya zamani, nao wakarudi, wala hawakuninunia.

Wifi yangu alikuwa amekaa kwenye ngazi, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Wewe nawe, wifi! Barafu ni hamu. Hamu ukiipandishia bei inaghairi. Pandisha maji uone. Nani atafulia karanga?"

Nikapandisha maji. Ndoo ya shilingi kumi ikawa kumi na tano. Watu walinung'unika. Fundi cherehani aliniuliza, "Mama Kichanga, haya maji siku hizi yana digrii?" Lakini alilipa. Wote walilipa. Mwezi uliofuata nikaweka ishirini, na foleni ikawa ileile. Nilikaa mlangoni nikinyonyesha, huku navihesabu vichwa: fundi cherehani, kinyozi, mke wa mlinzi, mwalimu, Maji Matatu. Hakuna aliyekosekana. Nikajiambia, basi hawaumii. Anayeumia si angeondoka?

Hapo ndipo nilipokosea, na sitaki kujitetea. Nilihesabu vichwa. Sikuhesabu ndoo.

Maji Matatu alishuka kutoka ndoo kumi hadi nane, halafu sita. Niliona, maana mimi ndiye niliyemfungulia bomba. Nikadhani amepungukiwa na wateja, nikamhurumia kidogo, nikapokea hela yake.

Kisha mwanangu akatoka vipele mapajani. Ngozi ikawa nyekundu, akawa analia kila nikimgeuza. Nilimpeleka kliniki. Nesi akaishika nepi, akaichovya kwenye bakuli la maji, akaikamua. Maji yakatoa povu.

"Mama, nepi hii ina sabuni bado. Nani anakufulia?"

Nilirudi nimewaka. Nilimkuta Maji Matatu kwenye foleni, ameshika ndoo zake, na sikungoja hata tuingie ndani.

"Nakulipa ufue au umpake mwanangu sabuni? Njoo umtazame mapaja! Maji Matatu gani wewe? Hata moja hayafiki!"

Foleni nzima ilitugeukia. Kisha kinyozi akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe Maji Nusu," na watu wakacheka. Yeye alitua ndoo zake chini. Aliniangalia mimi, kisha mtoto mgongoni kwangu.

"Samahani, mwanangu," alisema. "Samahani sana." Akaondoka na ndoo tupu.

Wiki ile mwalimu alimwachisha kazi. Mke wa mlinzi naye. Watu wawili wengine wakasema wataanza kujifulia. Mimi nilijiona nimemlinda mwanangu.

Beseni lake moja lilikuwa limebaki kwangu, na siku ya tano nikaenda kumrudishia. Alikuwa anafua shati moja tu. Mabeseni mawili yalikuwa na maji. Mahali pa la tatu hapakuwa na kitu, sakafu ilikuwa kavu kabisa, na hapo ndipo akili yangu ilipoanza kuamka. Nilikuwa nimelishika mkononi. Lile nililokuja nalo ndilo la tatu. Alikuwa amenipa mwezi mzima uliopita nimwogeshee mtoto, kwa kuwa, alisema, yeye halitumii.

"Mama," nilimwambia, "kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba maji yako ni ghali? Ulijua, bei uliweka mwenyewe." Hakusema kwa ukali. Alikuwa anasugua kola.

"Ungepandisha na wewe bei ya kufua."

Alicheka kidogo. "Nilijaribu kwa mwalimu, nikaongeza kidogo tu. Akaniambia, 'Mama, mimi pia nina mikono.' Na ni kweli, kila mtu ana mikono. Mimi nikipandisha, wananiacha. Wewe ukipandisha, mimi nitakuacha niende wapi? Sina mto hapa." Akalikamua shati. "Ya kunywa sikupunguza. Ya kupikia sikupunguza. Nilitafuta pale ambapo macho hayafiki. Nilisema nepi zitastahimili." Kisha mikono yake ikatulia ndani ya maji. "Vipele vya mtoto vimepoa?"

Nilikaa chini kwenye sakafu ile kavu.

Kesho yake nilirudisha bei ya ndoo iwe kumi. Foleni ilishangilia, na wifi akasema nimerogwa. Nikawaambia wote, mtoto akiwa mgongoni, kwamba povu lile lilitoka kwenye bei yangu. Halikutoka kwenye mikono ya yule mama. Fundi cherehani akasema, "Haya, digrii zimefutwa," watu wakacheka, wakachota, wakaenda. Sijui kama walinisikia.

Bei ya maji ilishuka ndani ya siku moja. Wateja wa Maji Matatu hawakurudi ndani ya siku moja. Mke wa mlinzi alirudi. Mwalimu anajifulia mpaka leo, na nikimsalimia anasema alikuwa anadanganywa miaka yote. Namweleza tena. Ananitikisia kichwa kama mtu anayemhurumia mwongo mpole.

Nepi za mwanangu anafua Maji Matatu bado. Nilipompelekea alizipokea, na alipomaliza kuzisuuza aliniita uani kwake, akachota maji ya beseni la tatu, akakinga kiganja chake mbele yangu.

"Soma," alisema.

Niliiona mistari yote.

Siku hizi nahesabu ndoo. Asubuhi ya leo amechukua saba. Nilisimama nimeshika bomba, nikamuuliza kama anaongeza. Akasema, "Zinatosha, mwanangu. Kazi ndiyo hiyo iliyopo."